Mdomo wa Bomba

Kiazi cha kwanza nilichomuuzia Afande hakikuliwa. Alikuja asubuhi, macho mekundu, machozi yanamtiririka, akasimama mbele ya kikaango changu akasema, "Mama, kata hiki kiazi vipande viwili, vyembamba." Nikakata. Nikamuuliza nikaange kwa chumvi au bila? Aliketi kwenye benchi langu, akainua uso juu, akabandika kipande kimoja kwenye kila jicho, akatulia hivyo huku maji ya kiazi yakimshuka mashavuni. Wateja wangu walicheka mpaka chai ikawapalia. Mimi nilikuwa mgeni pale barazani, nikasema moyoni, haya, nimepata jirani mwenda wazimu.

Kumbe ndivyo walivyo watu wa kuchomelea chuma. Ule moto wa mashine ukikupiga bila kinga, macho yanawasha kama yametiwa mchanga, na kiazi kibichi kinayapoza. Basi mimi nikawa daktari wake, kwa miaka yote tuliyokaa baraza moja pale Jinja, chini ya jengo la Mhindi ambalo jina lake lilikuwa limefutika ukutani. Yeye upande wa kulia na mashine yake, mimi upande wa kushoto na chapati zangu. Aliniita Mama Chapati. Mimi nilimwita Afande kama kila mtu. Jina alikuwa nalo, ila hata mkewe hakulitumia.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikuuliza. Mtu aliyewahi kuwa jeshini miaka ile huwezi kumhoji, unangoja aseme mwenyewe, na huyu hakusema. Tulichojua ni kwamba alijifunza kazi kwenye karakana ya jeshi, akichomelea magari yaliyorudi yametobolewa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za polisi, Kiswahili ni maziwa ya mama yangu, kwa hiyo tulielewana. Lakini kuna watu pale Jinja ambao wakisikia Kiswahili kikipazwa sauti, miguu inakumbuka amri za askari wa miaka ile. Siku moja mama mmoja wa Kisoga alikuja kuulizia kitanda, Afande akaliambia bomba lake, "Simama! Simama hapo hapo! Sawa!" Yule mama akaangusha kikapu akainua mikono. Afande alihuzunika siku nzima. Aliniambia, "Mama Chapati, mimi nazungumza na chuma, watu wanaogopa. Nizungumze na chuma kwa lugha gani sasa?"

Hakupenda kuitwa Afande. Ukimwita jina lingine, haitiki.

Kazi yake ilikuwa fremu: mageti, madirisha, vitanda, milango ya maduka. Zote za bomba la pembe nne, lile la chuma chembamba lenye uwazi ndani. Na hapo ndipo ugomvi wake na dunia ulipoanzia. Mafundi wengine wa mji walikata, wakaunganisha, wakapaka rangi, wakapokea chao. Ule mdomo wa bomba unaobaki wazi chini ya geti au nyuma ya kitanda, waliuacha. Nani atainama kuchungulia? Afande hakuacha mdomo hata mmoja. Kwenye kona alikata mabomba yote mawili mshazari, yakikutana yanazibana yenyewe. Pale bomba lilipoishia peke yake, alikata kipande cha bati nene cha kipimo kilekile, akakishikiza kwanza kwenye pembe zake, halafu akakichomelea pande zote, akasugua kwa tupa mpaka kidole kisijue bomba limeishia wapi na kifuniko kimeanzia wapi.

"Mvua haina haraka," alisema. "Inaingia kidogo kidogo, inakula ndani. Wewe uko nje unapaka rangi, unasifu geti lako."

Akitaka kukuonyesha, alikuwa na geti la zamani lililoletwa kutengenezwa, mwenyewe hakurudi kulichukua. Kwa nje zuri, kijani. Alilipiga nyundo chini, bati likaingia ndani kama ganda la yai, na maji meusi yakatoka, na harufu yake, na nyigu waliokuwa wamejenga humo. Nyigu wakamuuma yeye na wateja wangu wawili. Nilimtukana vizuri siku hiyo.

Lakini mtu hakuwa malaika, msinielewe vibaya. Majisifu yake hayakuwa na mwisho. Kwa maneno yake mwenyewe, hakuna aliyejua kuchomelea kuanzia Busia mpaka Kampala, wengine wote walikuwa wanabandika chuma kwa ugali. Alikuwa bahili wa kupindukia, kila asubuhi anabishana na bei ya chapati kana kwamba tumekutana siku ileile. Na kichwa kigumu! Mfanyabiashara mmoja wa Buwenge alikuja na gari kuchukua fremu ya mlango wa duka. Ilikuwa siku ya soko kwao, anataka kurudi mapema. Afande akasema bado midomo ya chini haijazibwa. Yule bwana akasema, "Hiyo itaingia kwenye saruji, ssebo, nani ataona?" Afande hakubishana. Alikwenda akaikalia ile fremu, akakunja mikono. Wakajaribu kuiinua naye akiwa juu. Haikwenda. Halafu umeme ukakatika, maana sisi tuliokaa karibu na bwawa la umeme ndio tulikuwa tunakatiwa kuliko wote, na yule bwana akabaki kwangu mpaka alasiri, anakula chapati na kutukana kwa Kisoga. Umeme uliporudi Afande aliziba midomo yake, akampa fremu, akamshika mkono kama hakuna kilichotokea. Yule mtu alirudi baadaye kuagiza madirisha. Aliendelea kumtukana, ila aliagiza.

Kulikuwa na jambo moja la kazi ambalo alinieleza mara nyingi, na lazima nilieleze hapa. Bomba likizibwa pande zote mbili, hewa inabaki ndani. Ukilichomelea, hewa inapata moto, inatafuta njia. Aliniuliza, "Wewe ukikandamiza kifuniko cha maharage, sufuria inafanya nini?" Nikamwambia inanitemea. "Basi na chuma ni hivyo hivyo. Ukiziba, acha pumzi." Alitoboa tundu dogo la msumari upande wa chini, mahali pasipoonekana, akaliita tundu la pumzi. Akishamaliza kila kitu, ndipo analiziba lile tundu kwa kuligusa mara moja. Na kama bomba ni la zamani, limewahi kuzibwa na mtu mwingine, usiliguse kwa moto kabla hujalitoboa, kwa sababu hujui limeweka nini tumboni. Maji yakiwa ndani, alisema, hilo si bomba tena, ni bomu. Alijua. Hakuna aliyejua zaidi yake.

Sasa mtu huyo huyo, macho yake aliyaacha wazi.

Kofia ya kuchomelea alikuwa nayo, yenye kioo cheusi, imetundikwa msumarini. Nyuki wangeweza kukaa humo. Yeye alivaa miwani ya jua ya barabarani, ile ya vijana wa kutembea Jumapili, au hakuvaa kitu, alifumba jicho moja tu na kugeuza uso. Nilimfokea. "Bomba unaziba, macho unaacha wazi! Wewe ni mtu wa namna gani?" Akanijibu, "Macho si bomba, Mama. Macho ni askari, yanapigana." Mganga hajigangi, ndiyo hiyo. Niliendelea kumkatia viazi, na kila msimu viazi vilikaa machoni muda mrefu zaidi.

Mkewe nilimjua kabla ya kujua kwamba ni mkewe. Dada yangu aliolewa na askari wa magereza, wakakaa Nabuyonga kule Mbale, na kila nilipokwenda kumsalimia, nyumba ya pili kulikuwa na mama mmoja wa Kigisu aliyelala ndani mchana. Mwenyewe alikuwa mtu wa mlimani, wa Wanale. Alikuwa akishuka na mkungu wa matoke kichwani kwenye ile njia ya ngazi, mvua imenyesha, akateleza. Mkungu ulifika chini mzima. Yeye uti wa mgongo ukavunjika. Tangu hapo miguu ilikuwa ya kubebwa. Binti wa kaka yake alimwogesha na kumgeuza, na mumewe, nikaambiwa, ni mwanajeshi wa zamani, fundi wa kuchomelea huko Jinja, anakuja kila Jumamosi na mkate. Nilipiga yowe. "Afande wangu?" Yule mama akacheka pale kitandani. "Afande wako, Soja wangu," akasema. "Anaziba kila kitu, isipokuwa mdomo wake."

Tulipendana tangu siku hiyo. Watu wote walimwita Mayi, yaani mama kwa Kigisu, nami nikamwita hivyo. Alinipa salamu za kumpelekea mumewe, nyingi zikiwa matusi. Lakini nilimsaidia yule binti kumgeuza, na niliona mgongo wake. Nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini vile vidonda vya mtu wa kulala sitaki kuvieleza. Kwenye kimoja ungeweza kuona mfupa.

Niliporudi Jinja sikujua nianzie wapi. Afande alianza mwenyewe. Alizima mashine, akaketi kwenye benchi langu bila kuomba kiazi, akasema, "Umeona mgongo?" Nikasema nimeona. Akasema, "Mama, yule anaoza. Anaoza nikiwa hai, na mimi ni fundi." Akalia. Mtu mzima, mbele ya wauza nyanya, akalia kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

Muuguzi wa kule alikuwa amemwambia dawa ni moja: huyu mama asilale. Akae, ageuzwe, atoke juani, upepo umpige. Basi alihitaji kiti cha magurudumu. Vya hospitali havikuwa vya watu kama sisi. Afande akasema atamtengenezea. Na daktari wa macho naye alikuwa amemwambia lake: macho yako yamechoka, ukungu unaouona utafunga, acha moto sasa hivi kabla hujapofuka. Afande akasema ataacha. Baada ya kiti.

Hapo ndipo mbio zilipoanza, na mimi nilizitazama kutoka kwenye kikaango changu, moyo juu. Kiti kiishe kabla macho hayajaisha, na kabla Mayi hajaisha.

Alikwenda Mbale akampima palepale kitandani kwa kamba ya katani, akifunga fundo: hili mgongo, hili paja, hili goti hadi kisigino. Kamba hiyo aliivaa shingoni wiki nzima akikata mabomba. Jumamosi akarudi kuhakikisha, akakuta fundo la paja si lake tena, mama amepungua. Akaja akakata kiti upya. Jumamosi iliyofuata, amepungua tena. Nilimsikia akiongea na ile kamba, "Ngoja basi, ngoja, usikimbie." Aliuza lile geti bovu, akaacha kazi za watu, wateja wakaja kugomba, akawatazama kama hawasikii. Na ukiwa tayari umewasha mashine, pa! Umeme hakuna. Anakaa na fimbo ya kuchomelea mkononi saa nzima, anatazama waya juu. Nilimwona mara moja ameinua ngumi kuutishia.

Macho yalikuwa yamefika mahali pabaya. Alipounganisha kona, desturi yake ilikuwa kuweka skwea ya kupimia pembe na kuinua fremu juani aone kama mwanga unapita kwenye ungio. Sasa hakuona. Alingoja wateja waondoke, akaniita kwa sauti ya chini, "Mama Chapati, njoo. Kona hii, mwanga unapita?" Nilifuta unga mikononi nikachungulia. "Unapita kidogo, upande wa chini." Anarudia. "Sasa?" "Sasa haupiti." Nikawa nachungulia kila ungio na kila kifuniko cha kiti kile. Nilijua kile kiti kuliko nijuavyo nyumba yangu. Lakini mbele ya watu hakuniita kamwe. Fundi akijulikana haoni, nani atampa kazi tena? Alijifanya anaona. Mtu akimwonyesha kipimo, anatikisa kichwa, "Eeh, nimeona, nimeona," halafu usiku wote anahangaika kukikumbuka.

Kiti kilikuwa kizuri, jamani. Magurudumu mawili ya baiskeli nyuma, madogo mawili ya toroli mbele, mgongo umelala kidogo ili usibonyeze kidonda, midomo yote imezibwa na kusuguliwa isimkwaruze mama. Kilibaki kitu kimoja, pa kuwekea miguu. Mbele ya kiti aliacha mabomba mawili mafupi, midomo wazi, ambayo hicho kipande kingeingia.

Bomba lilikuwa limemwishia. Akapata kwa muuza vyuma chakavu bomba la kitanda cha zamani, zito, zuri, limezibwa pande zote na mtu asiyejulikana, limepakwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Umeme ulirudi siku hiyo baada ya kukosekana muda mrefu, na kesho yake ilikuwa Jumamosi. Palikuwa na mteja amesimama pale, tajiri wa mageti, anangoja kujibiwa. Mimi nilikuwa na watu wa chai. Nilimwona Afande amelishika lile bomba, anapapasa upande wa chini kwa kidole gumba, anatafuta tundu la pumzi. Alinitazama upande wangu. Akamtazama yule mteja. Hakuniita. Kidole kilikuwa kimeingia kwenye kishimo cha kutu, akadhani ndilo tundu, akatosheka. Na ile kofia, ambayo siku zote hakuivaa kwa kiburi, siku hiyo hangeweza kuivaa hata angetaka, kwa sababu kwa macho yale kioo cheusi kilikuwa usiku mtupu. Akasogeza uso karibu sana ili aone anachogusa, akawasha moto.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gurudumu la lori likipasuka barabara ya pili. Nilipogeuka, mvuke ulikuwa umemfunika, naye amekaa chini ameshika uso, anasema polepole, "Maji. Yalikuwa na maji. Maji." Yule mteja akakimbia. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji ya chai yangu, ya baridi, na nikaanza kukata viazi, nakata, nakata, navibandika usoni mwake vinaanguka, mpaka mama wa nyanya akanishika mikono akaninyang'anya kisu.

Hospitali walimfunga kitambaa, walipokifungua hapakuwa na tofauti, giza lilelile.

Mimi ndiye niliyempeleka Mbale. Kiti kilifungwa juu ya taksi, yeye ameketi chini yake, kila tukipita tuta anainua uso kusikiliza kama kamba imelegea. Tulipoingia nyumbani, Mayi alimtazama mumewe usoni. Halafu akamwambia, "Lete huo uso hapa." Akampapasa makovu, paji la uso, kope. Akasema, "Soja, hukunijia na mkate?" Nilitoka nje, sikuweza kukaa mle ndani.

Tulimkalisha. Kamba haikudanganya, kiti kilimkaa. Miguu ndiyo iliyoning'inia, haina pa kukanyaga, nikavua kitenge changu nikakifunga toka bomba hili hadi lile, ikawa pembea ya miguu. Tulipomsukuma nje, aliinua macho kwenye ule ukuta wa Wanale, maporomoko yanang'aa, akasema, "Kumbe mlima bado upo." Afande akauliza, "Anacheka?" Nikamwambia anacheka. Alikuwa analia, lakini na kucheka pia alikuwa anacheka.

Wakaishi hivyo, yeye anasukuma, mkewe anaelekeza kulia kushoto, wanagombana njia nzima mpaka sokoni. Vile vidonda vidogo vilikauka. Kile kikubwa kilikataa. Kila nilipokwenda kwa dada yangu nilimkuta Afande amechuchumaa mbele ya kiti, anakagua ile midomo miwili iliyobaki wazi. Mafundi wa Mbale aliwaomba waizibe, wakamwambia kesho, mzee, kesho. Basi aliiziba kwa magunzi ya mahindi, akayachonga kwa kisu yaingie sawasawa, na yakilowa anayabadilisha. "Ni ya muda tu, Mama Chapati," alikuwa akiniambia, kwa aibu, kana kwamba mimi ni mteja.

Habari ya mwisho ya Mayi niliisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo, nikiwa nakanda unga. Kile kidonda kikubwa kilikuwa kimeingia damuni.

Nilifika Mbale asubuhi ya maziko. Sasa, mke huzikwa kwao na mume, lakini kwao na Afande ni wapi? Hakuwa na ardhi, hakuwa na ukoo uliokuja. Kaka zake Mayi, Mungu awabariki, walisema atalala kwao, chini ya Wanale. Afande alikaa kwenye mkeka kama mgeni kwenye msiba wake mwenyewe. Alipoulizia msalaba, wakamwambia usijali, umeagizwa mjini, wa chuma.

Nilikwenda na kaka mmoja kuuchukua. Kijana fundi alikuwa bado anapaka rangi ya fedha, mbichi. Bomba la pembe nne. Nilitazama mara moja tu. Kichwa cha msalaba, mdomo wazi. Mkono wa kulia, wazi. Wa kushoto, wazi. Nikamwambia, "Kijana, hii midomo?" Akaniangalia kama nimemwuliza habari za mwezini. "Umeme umeondoka, mama. Na huo ni msalaba tu, nani atachungulia?" Kaka mtu akasema watu wanangoja. Tukaubeba hivyo. Njia nzima niliomba Afande asiuguse.

Tukamzika. Padri akasema yake, wimbo ukaimbwa, udongo ukajaa, msalaba ukasimikwa. Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka kutoka mlimani, watu wakakimbilia nyumbani kula. Nikamshika Afande mkono nimwongoze. Hakuinuka. Akasema, "Kwanza nipeleke kwenye msalaba."

"Rangi mbichi, Afande."

"Nipeleke, Mama Chapati."

Nikampeleka. Alianza chini, akapanda na vidole polepole mpaka kwenye ungio, akalizunguka lile ungio, akatikisa kichwa kidogo kuonyesha si baya. Halafu akafuata mkono wa kulia. Kidole gumba kikafika mwisho, kikaingia ndani.

Alisimama hivyo. Akatafuta mkono wa kushoto. Kidole kikaingia. Akapapasa juu. Nikasema, "Afande, umeme uliondoka, na watu..." Alifungua mdomo kama anayetaka kupiga kelele, sauti ikatoka ndogo. "Hata yeye," alisema. "Hata yeye wamemwacha wazi, Mama."

Tone la kwanza likanigonga mkononi, halafu mvua ya Mbale ikaja kama ijavyo, yote kwa pamoja. Afande akakumbatia ule msalaba. Alitandaza mikono yake akashika midomo miwili ya pembeni, kiganja hiki huku, kiganja hiki kule, kifua kimebanwa kwenye bomba, rangi ya fedha inampaka shati na shavu. Nyumbani walikuwa wanatuita. Yeye alikuwa anageuza uso huku na huku, na nilijua anatafuta nini. Mkono wa tatu hakuwa nao, na ule mdomo wa juu ulikuwa unapokea maji moja kwa moja, nayasikia yanavyoanguka mle ndani hadi chini.

Nikanyoosha mkono nikaufunika kwa kiganja changu. Sauti ya maji ikakatika. Aliisikia.

Nikamwambia, "Ngoja niende nikachukue magunzi, jikoni kwao hayakosekani. Nakwenda na kurudi."

"Usiende," akasema. "Ukienda, huo wa juu atashika nani?"

Nikabaki.